Kabla Hujanunua Mguu wa Cherehani kwa Ajili ya Kwilti za Kitenge, Chukua Rula Kwanza

Leo nina la kuongea na wale mnaoshona wenyewe na kuuza wenyewe mtandaoni, hasa mnaotengeneza mablanketi ya viraka vya kitenge, vitandiko vya watoto, vitambaa vya mezani vyenye tabaka, na vile vishikio vya sufuria vinavyoenda sana kipindi cha harusi. Wengine mnaviita kwilti. Kwenye kamusi kuna neno mfarishi, zuri tu, ila sijawahi kuona mteja ameandika "nataka mfarishi". Anaandika kwilti au blanketi la kitenge. Basi tutumie hayo.

Hapa Dodoma biashara hii ina msimu wake. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa hapa tunaujua, usiku Chang'ombe unatafuta sweta. Na kipindi hicho Bunge la bajeti linakuwa linaelekea mwisho, mji una wageni, watu wanatafuta zawadi ya kurudi nayo nyumbani. Ukiwa na kwilti nzuri kwenye status yako mwezi wa sita, haikai. Shida ni kwamba kwilti mbaya nayo inauzika. Kwenye picha haionekani. Inaonekana ikifika kwa mteja Mwanza au Dar, akiitandika kitandani akakuta imejikunja katikati kama maandazi, mistari imepinda, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Hapo anakurudishia.

Piga hesabu ya mzigo uliorudi. Mfano tu: kwilti ya mtoto umeiuza 60,000. Mabaki ya kitenge, kitambaa cha chini na cha kujazia katikati vimekula 22,000. Basi kwenda 5,000, basi kurudi 5,000, pesa ya mteja unamrudishia yote. Siku mbili za kazi hazina mwenyewe. Na kile kitu huwezi kukiuza tena kwa bei ile. Sasa mara nyingi chanzo si mkono wa fundi. Ni kale kachuma kadogo kanakokandamiza kitambaa pale sindano inaposhuka, yaani mguu wa cherehani. Watu wengi wanatumia mguu uleule uliokuja na mashine kwa kila kitu, sketi, pazia, kwilti. Kwa sketi sawa. Kwa kwilti unakuangusha, na kuna sababu.

Iko hivi. Chini ya mguu kuna meno. Meno yanapanda, yanashika kitambaa, yanakivuta nyuma, yanashuka. Mguu wa juu wenyewe haufanyi kazi ya kuvuta, kazi yake ni kukandamiza tu ili meno yapate kushika. Ukiwa na kitambaa kimoja au viwili vyembamba hakuna tatizo. Lakini kwilti ni tabaka 3: juu viraka, katikati cha kujazia, chini kitambaa kizima. Meno yanavuta tabaka la chini. La juu linasuguana na mguu, linachelewa. Kila mshono linachelewa kidogo sana, huoni. Ukifika mwisho wa mstari wa mita moja, la juu limebaki nyuma kwa vidole viwili, na pale mistari inapokutana kitambaa kimekosa pa kwenda kikajikunja. Hata ungekuwa fundi wa miaka 30 hiyo itakutokea, kwa sababu ni fizikia ya mashine.

Ndo maana kuna mguu unaotembea. Huo una meno yake yenyewe kwa juu. Kwa pembeni una mkono wenye uma, ule uma unakaa juu ya skrubu inayobana sindano. Sindano ikipanda, uma unainuliwa, na mguu unapiga hatua. Kwa hiyo meno ya chini yanavuta, na ya juu yanavuta kwa mwendo uleule, tabaka zote 3 zinaenda pamoja. Ni mkubwa, mbaya wa sura, unapiga kelele kama kitu kimeharibika. Usiogope, ndivyo ulivyo. Ukinunua ukafunga bila kuuweka ule uma juu ya skrubu ya sindano, hautembei, na baada ya muda mfupi utasema umeuziwa feki. Angalia uma kwanza.

Kitu cha kujua kuhusu huu mguu: umetengenezewa mistari iliyonyooka na kona za taratibu. Miraba, mistari ya mshazari, mawimbi mapana. Usiurudishe nyuma kwa kubana mshono kama ulivyozoea, mingi haivuti vizuri ikirudi nyuma. Anza kwa mishono midogo sana 5 au 6 ndipo uongeze urefu, au acha nyuzi ndefu uzifunge kwa mkono na kuzichomeka ndani. Na nenda taratibu. Mwenye cherehani ya umeme asikanyage mpaka mwisho. Wa kukanyaga kwa miguu hapo ana bahati, mwendo uko kwenye miguu yake mwenyewe.

Sasa mguu wa pili, ambao mimi ningeanza nao kabla hata ya huo unaotembea. Ni mguu wa robo inchi. Huu si wa kuunganisha tabaka, ni wa kuunganisha viraka. Ubavu wake wa kulia uko robo inchi kamili kutoka kwenye sindano, yaani milimita 6 na kidogo. Ukilaza ukingo wa kitambaa sambamba na ukingo wa mguu, kila mshono unatoka na upana sawa. Mingine ina kaukuta kadogo ka chuma pembeni, kitambaa kinagonga pale hakipiti.

Unaweza kusema milimita moja mbili si kitu. Tupige hesabu. Una mstari wa viraka 10, kila kimoja umekata sentimita 12. Kuviunganisha unahitaji mishono 9. Kila mshono unakula kitambaa pande mbili. Ukishona kwa milimita 6, mishono 9 imekula sentimita 10.8, mstari wako una sentimita 109.2. Mstari wa pili ukajisahau ukashona kwa milimita 8: imekula sentimita 14.4, mstari una sentimita 105.6. Tofauti sentimita 3.6, na hiyo mistari miwili inatakiwa kushonwa pamoja kona kwa kona! Utavuta, utakunja, utalazimisha. Hapo ndipo zinapozaliwa zile kwilti zenye kona zisizokutana, na mteja hajui kushona ila jicho analo.

Habari njema ni kwamba huu mguu unaweza kuukosa na kazi ikaenda. Chukua karatasi ngumu, chora mstari milimita 6 kutoka ukingoni, tumia rula nzuri, si ile ya plastiki iliyolika kichwa. Weka karatasi chini ya mguu, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka ncha ya sindano itue juu ya ule mstari. Shusha mguu. Angalia ukingo wa kulia wa karatasi umeishia wapi kwenye sahani ya mashine. Hapo bandika plasta ya kidonda, ikunje mara mbili tatu ipate kimo, iwe kama ukuta. Angalia tu usifunike meno wala kifuniko cha bobini. Umepata robo inchi kwa bei ya plasta. Shona vipande viwili vya majaribio, fungua, pima. Ikiwa sawa usiiguse mpaka oda iishe.

Wa tatu ni mguu wa kushona huru, ule wa kuchora maua, majani, jina la mtoto, mizunguko. Huu una kapete kadogo, ka wazi au ka duara, na springi. Unaruka: sindano ikishuka unakandamiza, sindano ikipanda unaachia, na wewe ndo unakisogeza kitambaa kwa mikono unakotaka. Meno ya chini hayatakiwi kufanya kazi. Mashine nyingi za kisasa za nyumbani zina kiswichi cha kuyashusha. Baadhi ya cherehani nyeusi za zamani zina skrubu ya kuzungusha kwa vidole, ipo chini ya meza ya mashine, inua kichwa uangalie. Kama yako haina, kata kipande cha kadi ngumu (kadi ya simu ya zamani inafaa), toboa tundu pa sindano, bandika juu ya meno, weka urefu wa mshono sifuri.

Hii mbinu mafundi wetu wa kudarizi wanaijua miaka mingi tu. Fundi wa kudarizi kanzu au mashuka kwa cherehani ya kukanyaga anatoa mguu kabisa, anabana kitambaa kwenye fremu ya duara, anazungusha kwa mikono. Ni kitu kilekile. Kwa hiyo kama mtaani kwako kuna fundi wa kudarizi, usiende kutafuta video ya Marekani, kaa naye mchana mmoja, mpe chochote. Tofauti ni kwamba kwilti ni nene na bila mguu kitambaa kinapanda na sindano, mishono inaruka, na vidole viko karibu na sindano. Mimi nashauri mguu uwepo.

Miguu mingine kuna ya wazi mbele, kwa ajili ya kushonea picha za kitambaa juu ya kitambaa, uone unapopita. Kuna ya plastiki laini kwa vitu vinavyonata. Ni mizuri ila isubiri.

TUJE KWENYE RULA SASA. Hapa ndipo pesa za watu zinapotea.

Unaona mtu amepost mguu unaotembea, picha safi, bei nzuri, unalipa, unafika, hauingii. Au unaingia ila sindano inagonga chuma. Muuzaji anasema ulikuja mzima. Wote mna haki. Tatizo hakuna aliyeuliza mashine ni ya aina gani.

Shusha mguu ulionao sasa. Pima kutoka kwenye sahani ya chini mpaka katikati ya ile skrubu inayoshika mguu. Ikiwa haifiki sentimita 2 hivi, mashine yako ni ya shina fupi. Ikiwa inakaribia sentimita 3, ni ya shina refu. Cherehani nyingi nyeusi za kukanyaga za mtindo wa Singer ya zamani, zikiwemo Butterfly zilizojaa kila mtaa, ni shina fupi. Mashine nyingi za umeme za nyumbani kama Brother za kawaida nazo ni shina fupi, na nyingi zina kibao ambacho mguu unabonyezwa tu unakaa, bila bisibisi. Ila mguu unaotembea hata kwenye hizo unatoa kile kibao, unafunga kwenye shina lenyewe kwa skrubu. Mashine za kiwandani, zile Juki za mezani zenye mota, ni hadithi nyingine, miguu yake ni ya kwake. Halafu kuna Singer za zamani za namba za 400 na 500 ambazo shina lake limelala mshazari. Hizo zina miguu yake peke yake, usinunue kwa kubahatisha.

Zile seti za miguu 32 kwenye kiboksi mnazoziona zinauzwa kwa bei ya kuvutia, karibu zote ni za shina fupi na za kubonyeza. Kwa mwenye Brother ya nyumbani ni ununuzi mzuri. Kwa mwenye Juki ya kiwandani ni kiboksi cha mapambo.

Wenye cherehani nyeusi ya kukanyaga, hili ni lenu na sikuwahi kuona likielezwa vizuri. Mashine yenu inashona mshono ulionyooka tu, haiendi zigizaga. Kwa hiyo meno yake ni membamba na yamebanana. Mguu unaotembea wa kisasa umetengenezwa kwa mashine za zigizaga, kwato zake zimekaa mbalimbali ili sindano ipate nafasi ya kwenda kushoto na kulia. Ukiufunga, shina ni fupi, skrubu inaingia, kila kitu kinaonekana sawa. Ila kwato za juu zinakanyaga pembeni ya meno ya chini, hazikutani. Kinavuta, lakini kwa uvivu. Ukiweza kupata mwembamba uliotengenezwa kwa mashine za mshono mmoja, chukua huo. Kabla ya kulipa, ushushe na uangalie kutoka mbele: je, kwato zinakanyaga juu ya meno? Kama zinakanyaga sahani tupu, mrudishie mwenye duka.

Ukiukosa, usikate tamaa, kuna njia ya bila mguu mpya. Juu kabisa ya mashine, pale mguu unapoanzia, kuna skrubu ya kupunguza mkandamizo. Ilegeze kidogo kidogo, jaribu, legeza tena. Mguu ukikandamiza kidogo, tabaka la juu linaburuzwa kidogo. Halafu shikiza tabaka zako kweli kweli: pini kila baada ya upana wa kiganja, au shikiza kwa mkono kwa uzi mrefu mistari mizima, utautoa baadaye. Anza kushona katikati ya kwilti uende nje, usianzie pembeni ukafungia hewa na mikunjo katikati. Sindano namba 14, au 16 kama umejazia kitu kinene. Mshono uwe mrefu kuliko wa nguo, milimita 3 hivi. Na katikati usiweke kitu kinene. Blanketi jepesi linashoneka vizuri zaidi ya zile pamba za mto ambazo zinasogea ndani na kufanya mabonge baada ya kufuliwa mara moja.

Kitenge nacho kifue kwanza, na maji ya moto kama unaweza. Kina wanga wa dukani, na ni pamba, kinarudi. Mabaki unayookota kwa mafundi tofauti yanarudi kwa viwango tofauti. Usipofua, mteja atafua, na hapo kazi yote ya mguu wako wa robo inchi imeharibika kwenye beseni la mtu mwingine.

Kwa wenye Juki ya kiwandani: DDL-8700 imetengenezwa kufika mishono 5,500 kwa dakika. Hiyo si mashine ya kujifunzia mizunguko ya maua. Kwa kuunganisha viraka inaua kabisa, ni haraka na mshono umenyooka, tafuta tu mguu wa kupimia robo inchi wa kiwandani, ule wenye ubavu mmoja unaopanda na kushuka kwa springi. Kwa kuunganisha tabaka, mwendo unaopiga hatua kwa kiwandani mara nyingi ni mashine nzima, zile za washona viti vya magari na masofa. Huna haja ya kuinunua. Unganisha viraka kwenye Juki yako, halafu kaa na fundi wa masofa mkubaliane bei ya kupitisha mistari. Mradi awe na uzi mwembamba na sindano ndogo, maana sindano ya sofa inaacha matundu kwenye kitenge ambayo hayazibi.

Ukiniuliza ununue upi kwanza na mfukoni kuna pesa ya mmoja tu: plasta kwa ajili ya robo inchi, pesa kwa ajili ya mguu unaotembea, na wa kushona huru subiri mpaka wateja waanze kukuomba majina ya watoto. Kama kwilti zako ni ndogo, vishikio vya sufuria na vitambaa vya mezani, hata huo unaotembea unaweza kusubiri, kwa sababu mstari mfupi haupati nafasi ya kupotea sana.

Na ninyi mnaouza hivi vifaa mtandaoni, msitume mguu kwa mtu kabla ya kumwuliza mambo haya: jina na namba iliyoandikwa kwenye mashine, kipimo cha kutoka kwenye sahani mpaka kwenye skrubu, na kama mashine inaenda zigizaga au hapana. Kisha akutumie picha ya mguu wake wa sasa ukiwa umeshushwa. Inachukua dakika 5. Kwenye posti yako andika "shina fupi" au "shina refu" kwa herufi kubwa, maana neno "universal" lililoandikwa kwenye kiboksi linamaanisha universal kwa mashine ambazo kiwanda kilizifikiria, na Butterfly ya bibi yako haikuwemo.

Mwenye mashine ambayo sijaitaja, piga picha kutoka mbele, mguu ukiwa chini, rula imesimama pembeni yake. Bila rula kwenye picha siwezi kukujibu.